Unywele hauna kiwanda

Mwaka 1982, katika kesi ya mauaji mjini Atlanta, Marekani, upande wa mashtaka ulileta hesabu ya zulia. Nyuzi za kijani zilizookotwa kwenye miili ya waliouawa zilifanana na za zulia la chumbani kwa mshtakiwa. Kwa kuwa kiwanda huweka kumbukumbu za mauzo, ilijulikana kuwa zulia la aina hiyo liliuzwa yadi za mraba 16,397 katika majimbo 10. Wakikadiria yadi 20 kwa chumba, walipata vyumba kama 820. Georgia ikapewa sehemu ya kumi, yote ikahesabiwa kuwa ya Atlanta: nyumba 82 kati ya takriban 639,000, yaani 1 kati ya 7,792.

Ni makisio matupu, hasa lile la kugawa majimbo sawa kwa sawa. Lakini yako wazi, na wakili wa utetezi anaweza kuyashika moja moja na kuyapinga.

Unywele hauna kiwanda wala daftari la mauzo. Kichwa kina nywele zipatazo 100,000, na 50 hadi 100 hupukutika kila siku. Mtaalamu hulinganisha rangi, unene na kiini chini ya hadubini. Akiona nywele mbili zinafanana, je, ni watu wangapi wengine wana nywele kama hizo? Hakuna takwimu ya kumjibu.

Pengo hilo likajazwa kwa maneno. Katika kesi ya mauaji iliyoamuliwa Washington mwaka 1980, mwendesha mashtaka alidai huenda ni nafasi 1 tu kati ya milioni 10 kwamba unywele uliokutwa ulikuwa wa mtu mwingine. Mshtakiwa, aliyekuwa na miaka 17 siku ya mauaji, alifungwa miaka 28. Mwaka 2012 nywele zote 13 zilizokutwa kwenye soksi aliyojifunikia uso muuaji zilipimwa vinasaba. Hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Mmoja ulikuwa wa mbwa. Mwaka 2016 mahakama iliamuru mji umlipe dola milioni 13.2, takriban dola milioni moja kwa kila unywele. Ukijumlisha wengine wawili wa mji huohuo waliofungwa kimakosa kwa ushahidi wa nywele, fidia inapita dola milioni 39.

Aprili 2015 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, yenyewe ilikiri baada ya kukagua kesi zake za zamani. Katika kesi 268 ambazo wataalamu wake walitoa ushahidi wa nywele wa kumtia mshtakiwa hatiani, 257 zilikuwa na kauli zilizovuka mipaka ya sayansi: asilimia 96. Katika kesi 35 za hukumu ya kifo, 33 zilikuwa na kasoro hiyo, na watu 9 walikwisha kunyongwa au kuuawa kwa njia nyingine za kisheria. Si kwamba wote hawakuwa na hatia. Wapo waliofungwa kwa ushahidi mwingine pia. Ila walioamua kesi walipewa uhakika ambao haukuwapo.

Na ukaguzi huo ulihusu wataalamu wa FBI peke yao. FBI ilikuwa imewafundisha pia mamia ya wataalamu wa majimbo, kwa kozi za wiki mbili. Kesi zao ziko mikononi mwa kila jimbo: Texas ilianza kuzipitia zake, lakini hakuna sheria inayoyalazimisha majimbo yote kufanya hivyo.