Mkitengana, Watoto Bado ni Wenu Wawili

Tukitembelea vikundi tunaulizwa sana: bwana na bibi wakitengana, watoto ni wa nani? Wengine husema ati ni wa aliyelipa mahari. Sivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema kumtunza mtoto ni jukumu la mama na baba sawasawa, wawe walioana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 yasema hakuna mzazi mwenye haki kumshinda mwenzake.

Basi mfanye nini? Kwanza, ketini na wazee mnaowaamini. Andikeni: siku za shule mtoto atalala wapi, likizo ataenda kwa nani, na karo, chakula na matibabu vitatoka kwa nani. Pili, pelekeni mapatano hayo kwa afisa wa watoto, mtie sahihi. Mkishindwa kupatana, nendeni Mahakama ya Watoto. Hakimu hutazama kwanza faida ya mtoto. Lakini kama kulikuwa na kipigo, mama, usikutane naye peke yako. Anza kwa afisa.

Tumeona watoto wakikosa muhula mzima huku wazazi wakivutana. Si haki yao hiyo.