Nta, Kauri na Nusu Milimita

Hakuna kipande cha metali kinachosubiwa kikatoka na kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye mchoro. Kwa sababu hiyo mchoro wa kiufundi hutaja mambo mawili: kipimo kinachotakiwa, na kiasi ambacho kipande kinaweza kukizidi au kukipungukia bila kukataliwa. Kipenyo cha milimita 40, chenye nafasi ya kosa ya 0.3 juu au chini, hupita kikiwa popote kati ya 39.7 na 40.3.

Katika usubuji wa nta, njia inayotoa mapanga ya injini za ndege, viungo bandia vya nyonga na sehemu za pampu, kosa lina milango mingi ya kuingilia. Nta ya moto husindiliwa ndani ya kalibu ya alumini. Umbo la nta likishapoa huchovywa kwenye uji wa kauri na kunyunyiziwa mchanga mkavu, tena na tena, mpaka lipate ganda lenye unene wa milimita kadhaa. Nta huyeyushwa kwa mvuke ikatoka, ganda huchomwa tanuruni, kisha metali iliyoyeyuka humiminwa ndani yake. Mwishoni ganda huvunjwa. Kila kipande, basi, kina ganda lake, na ganda hilo halitumiki mara ya pili.

Nta ikipoa husinyaa kwa asilimia 1 hivi. Ganda likichomwa hutanuka kidogo. Chuma kisichoshika kutu nacho husinyaa kwa takriban asilimia 2 kinapoganda na kupoa. Anayetaka kipande cha milimita 100 huchonga kalibu inayozidi milimita 102. Ni rahisi kudhani kwamba kusinyaa huku ndiko adui, kumbe kusinyaa kunakojulikana hufidiwa kwenye kalibu na mambo yakaisha. Kinachosumbua ni kusinyaa kunakobadilika. Metali iliyotarajiwa kupungua kwa asilimia 2 ikipungua kwa 1.8 tu, kipande cha milimita 100 huzidi kwa 0.2. Nafasi ya kosa huwekwa kwa ajili ya mabadiliko hayo.

Mabadiliko yenyewe huletwa na mambo madogo: nta iliyosindiliwa ikiwa moto kupita kawaida, chumba cha maumbo ya nta kilichopata joto, ganda lisilo na unene sawa. Umbo la kipande nalo lina neno lake. Fimbo husinyaa bila kizuizi. Pete iliyozunguka kiini cha kauri huzuiwa na kiini hicho, ikapungua kwa kiasi kidogo kuliko fimbo. Bapa pana na jembamba huelekea kupinda, na mara nyingine hunyooshwa kwa shinikizo.

Kanuni inayotumiwa na viwanda vingi huruhusu takriban milimita 0.25 juu au chini kwa milimita 25 za kwanza, na 0.13 zaidi kwa kila milimita 25 zinazofuata. Kwa urefu wa milimita 100 hesabu hiyo hufika 0.64. Kipimo kinachovuka mahali nusu mbili za kalibu zinapokutana huongezewa kidogo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8062-3 kina madaraja 16, kuanzia lenye masharti makali zaidi. Usubuji wa nta hukaa katika madaraja ya mwanzo, na kalibu za mchanga zilizofinyangwa kwa mkono hukaa mbali huko juu.

Msanifu mwoga hubana kila kipimo, na mnunuzi hulipia woga huo, kwa kuwa vipande vingi zaidi hukataliwa. Ni afadhali kubana vile vinavyokutana na sehemu nyingine tu. Tundu la beringi, linalotaka usahihi wa sehemu ndogo mno za milimita, husubiwa likiwa dogo kidogo, kisha hukerezwa kwenye mashine.

Kwa kipande kipya, mafundi huchonga kalibu ya kwanza wakiacha alumini ya ziada, kwa kuwa kukata ni rahisi kuliko kurudisha kilichokatwa. Sampuli husubiwa na kupimwa, halafu kalibu hurekebishwa kulingana na jinsi metali ilivyosinyaa kweli.