Ukuta, Daka na Sebule: Msamiati wa Kiswahili mbele ya Nyumba ya Kimodeni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaotaja sehemu za ndani ya nyumba kwa kuulinganisha na nyumba mbili zilizobuniwa na Ludwig Mies van der Rohe. Inadaiwa kuwa msamiati huo umejengwa juu ya dhana ya sitara zaidi kuliko juu ya matumizi ya vyumba, na kwamba tafsiri zinazopuuza jambo hilo humpotosha msomaji.

1.0 Ukuta unaobeba na ukuta unaositiri

Katika majumba ya mawe ya mwambao wa Afrika Mashariki, ukuta wa matumbawe na chokaa ulifanya kazi mbili kwa pamoja: ulibeba dari, na uliwasitiri wakazi. Upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazikuruhusu nafasi inayozidi meta tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta. Ndiyo maana vyumba vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Unguja ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba za matajiri.

Unene wa ukuta huo umeacha alama katika lugha. Neno daka hutaja kipenu cha mlangoni ambamo mgeni hukaa akingoja, na hutaja pia kishubaka cha ukutani cha kuwekea vyombo. Umbo lake la udogo, kidaka (zidaka kwa Kiamu), ndilo linalotumika kwa safu za vishubaka vya chokaa zinazopamba ukuta wa chumba cha ndani kabisa. Maana hizi mbili huonekana kuwa mbali mpaka mtu aitazame nyumba yenyewe: zote ni uwazi uliochimbwa katika ukuta mnene. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unapotaka kuonyesha kuanguka kwa Pate, huyataja madaka yaliyokuwa ya sahani kuwa yamegeuka makao ya ndege. Mshairi hakuhitaji kuueleza utajiri uliopotea. Kutaja daka kulitosha.

2.0 Nyumba iliyoachana na ukuta

Mwaka 1914 Le Corbusier alichora kiunzi alichokiita Dom-Ino: mabamba ya zege yanayobebwa na nguzo chache, pamoja na ngazi. Katika mchoro huo ukuta haubebi chochote. Kwa kuwa umeondolewa kazi ya kwanza, mbunifu yuko huru kuuliza kama kazi ya pili nayo inahitajika.

Mies van der Rohe aliliuliza swali hilo huko Brno, katika nyumba ya familia ya Tugendhat iliyokamilika mwaka 1930. Sehemu ya kukaa ni eneo moja kubwa lenye nguzo za chuma zilizong'arishwa. Kigawanyo cha jiwe la oniksi hutenga mahali pa kusomea, na kigawanyo cha nusu duara, cha mbao nyeusi yenye mistari kutoka Makassar (ambayo isichanganywe na mpingo wetu), huzunguka meza ya chakula. Mahali pengine hugawanywa kwa mapazia. Madirisha mawili makubwa ya upande wa bustani hushuka mpaka yakapotelea chini ya sakafu. Mwaka 1931 jarida la Die Form lilichapisha mjadala juu ya swali la kama mtu anaweza kuishi katika nyumba hiyo, na wenye nyumba wenyewe wakajibu kuitetea. Jambo moja halikosi kuvutia: vyumba vya kulala viliwekwa katika ghorofa nyingine, vikiwa na kuta na milango kama ilivyo ada. Uwazi haukuruhusiwa kufika kila mahali.

Katika nyumba ya Edith Farnsworth, daktari wa Chicago, iliyokamilika mwaka 1951 huko Plano, Illinois, hata mpaka huo uliondolewa. Kuta zote za nje ni vioo. Ndani mna kiini kimoja cha mbao chenye mabafu mawili, jiko na mahali pa moto. Kulala, kula na kupokea wageni hufanyika katika nafasi inayokizunguka. Mwaka 1953 mwenye nyumba alilalamika hadharani kwamba hawezi hata kutundika nguo bila kufikiria itakavyoonekana kutoka nje. Lalamiko hilo kwa Kiswahili lina jina la neno moja: nyumba ile ilikosa sitara. Mapazia yalikuwapo, lakini pazia hufungwa na kufunguliwa. Halikai kazini mchana kutwa kama ukuta.

3.0 Suala la sebule

Nyumba ya mawe ya Lamu hupangwa kwa hatua: daka, kiwanda, misana, kisha ndani. Majina haya hayaelezi sana kinachofanyika mahali hapo. Yanaeleza nani aweza kufika. Ndani, ambalo kwa wasemaji wengine ni kielezi cha mahali tu, hapa ni jina la chumba. Sabule, umbo la Kiamu la sebule, kilikuwa chumba cha mgeni. Mgeni alistareheshwa pale hasa ili asilazimike kuvuka kuingia kwenye maisha ya familia.

Sebule ya leo imegeuka. Katika fleti za Michenzani, Unguja, zilizoanza kujengwa mwaka 1970 kwa kufuata mpango wa mji wa mwaka 1968 uliotayarishwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, familia haikuwa tena na baraza mbele wala ua nyuma, kama ilivyozoea katika nyumba za Ng'ambo. Katika makazi ya namna hii, Unguja na kwingineko, chumba kimoja chenye makochi, kabati la vyombo na baadaye televisheni hupokea mgeni na kuwakalisha wenyeji. Chumba hicho nacho huitwa sebule. Neno limebaki, lakini kizuizi lilichokitaja kimeondoka. Mwanafunzi anayesoma katika matini ya karne ya 19 kwamba mtu alikaribishwa sebuleni, kisha akadhani alikaa na wanawake na watoto wa nyumba hiyo, amesoma fleti mahali palipoandikwa jumba la mawe.

Mtafsiri wa maandishi juu ya nyumba ya Farnsworth hukutana na tatizo hilo kwa upande wa pili. Akiiita nafasi ile sebule, anaipa sitara isiyokuwa nayo. Ukumbi nao haufai sana, kwani katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ukumbi ni njia ya katikati inayovitenga vyumba vya kulia na vya kushoto, na pasipo vyumba hakuna cha kutengwa. Linalokaribia zaidi ni behewa, ambalo siku hizi wengi hulifahamu kwa treni tu, lakini ambalo lilitaja pia uwazi wa katikati ya majumba makubwa ya mwambao. Hata hivyo behewa la zamani lilizungukwa na vyumba pande zote, na mwanga wake ulitoka juu.