Jirani wa Karakana Yako Ni Nani?

Anayetafuta mahali pa kuweka karakana huanza na kodi ya pango, umeme na barabara. Hayo ni ya lazima. Lakini kama anataka kubuni bidhaa mpya, aulize pia: mtu mwenye ujuzi nisiokuwa nao atafika hapa mara ngapi?

Chukulia jiko la mkaa lenye udongo ndani, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi na mashirika ya nishati nchini Kenya, likiwemo shirika la KENGO, walitafuta jiko la kupunguza matumizi ya mkaa. Wazo la chungu ndani ya bati lilitoka Thailand. Jiko lenyewe lilikamilishwa kwa msaada wa mafundi wa jua kali (wa karakana ndogo zisizo rasmi), hasa wa Shauri Moyo, Nairobi. Litazame: kiuno chembamba, chungu kimekaa nusu ya juu tu, tako pana ili lisipinduke ugali ukisongwa.

Kilichosaidia ni kwamba mafundi walikuwa pamoja. Mtaalamu akifika kwa mmoja, majirani nao wanaona. Kosa likigunduliwa asubuhi, jioni limesharekebishwa kwa wengi. Mchumi Alfred Marshall alieleza jambo hili mwaka 1890: palipokusanyika watu wa kazi moja, ujuzi huenea bila darasa.

Umbali mdogo tu huathiri. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1977, Thomas Allen wa MIT aligundua kuwa wahandisi waliokaa zaidi ya takriban mita 50 kutoka kwa wenzao hawakuzungumza nao sana kuhusu kazi. Michoro na vipimo husafiri kwa simu. Kujua kwa kukigonga kama chungu kimeiva hufundishwa ana kwa ana.

Hata hivyo, majirani peke yao huishia kuigana. Bila wazo la Thailand, Shauri Moyo ingeendelea na jiko la bati tupu. Kwa hiyo, uliye mbali na vyuo, mwalike mtaalamu mapema, sampuli ya kwanza ikiwa bado mezani, akae siku kadhaa. Ripoti ya mwisho haitoshi.

Na halmashauri zinazowahamishia mafundi pembezoni mwa mji zikumbuke kuwa kiwanja na paa havitoshi. Zikiwatawanya, zinavunja shule yao, na kuijenga upya huchukua miaka.