Projekta imezimika baada ya sasisho? Usikubali kompyuta ifutwe

Mwalimu mmoja wa sekondari ametuandikia ujumbe. Chumba chao cha kompyuta kina mashine moja yenye Windows, na ndani yake wameweka Ubuntu kwa kutumia programu ya VirtualBox. Kioo kimoja ni cha mwalimu, na cha pili ni projekta inayomulika ukutani ili darasa zima lione. Ijumaa Ubuntu iliomba kusasishwa, akakubali. Jumatatu projekta haikuonyesha tena chochote cha Ubuntu, na kwenye kioo chake maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango. Fundi aliyeitwa amesema dawa ni kufuta yote na kuweka upya. Humo ndani mna alama za wanafunzi za mihula miwili. Mwalimu anauliza: afute?

Asifute. Kilichoharibika ni njia ya picha tu, alama ziko palepale. Kinachoweza kuzipoteza ni hiyo dawa ya fundi.

Ubuntu inayokaa ndani ya Windows inaitwa mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Yenyewe haijui kwamba kuna kioo mezani wala projekta darini. Inaona vioo vya kuigiza ambavyo VirtualBox inaitengenezea. Habari za vioo ni vingapi na vina ukubwa gani hupitia kwa programu ndogo ziitwazo Guest Additions, ambazo tunaweza kuzifananisha na mkalimani kati ya pande mbili. Sehemu ya mkalimani huyu hushonwa kwa kipimo cha kerneli, yaani kiini cha Linux kilichopo siku ile. Sasisho likileta kerneli mpya, nguo ile haitoshi tena, inabidi ishonwe nyingine. Kitambaa chake ni faili za kerneli ziitwazo headers. Zisipokuwepo za toleo jipya, kazi inashindikana kimyakimya na Ubuntu inawaka bila mkalimani. Unabaki na kioo kimoja chenye picha ya ukubwa mdogo, mara nyingi 800 kwa 600.

Kabla ya kugusa chochote, nakili kazi yako. Zima Ubuntu kabisa kama unavyozima kompyuta, kisha upande wa Windows fungua folda ya mtumiaji na utafute folda iliyoandikwa VirtualBox VMs. Nakili folda nzima ya mashine hiyo kwenye diski ya nje. Flashi nyingi zitagoma hata zikiwa na nafasi, kwa sababu mpangilio wake wa FAT32 haupokei faili moja inayozidi GB 4, na faili ya mashine pepe huwa kubwa kuliko hapo. Na mtu yeyote akibonyeza palipoandikwa Delete all files kwenye VirtualBox, mzuie mkono.

Sasa tafuta tatizo liko upande gani. Ukiwa kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na P, uchague Extend. Kama ukutani hakuna picha ya Windows pia, angalia kebo na projekta yenyewe, Ubuntu haina kosa. Kama Windows inaonekana vizuri ukutani, ugonjwa uko ndani.

Kipimo tunachokipenda sisi ni kurudi kwenye kerneli ya zamani, kwa kuwa Ubuntu kwa kawaida huibakiza. Iwashe upya, na mwanzoni kabisa shikilia Shift, au gonga Esc kwenye mashine zinazotumia EFI. Menyu ikitokea chagua Advanced options, kisha toleo linalotangulia lile jipya. Vioo vyote viwili vikirudi, basi umeshamjua mchawi, na darasa linaweza kuendelea hata leo kabla ya matengenezo.

Matengenezo yenyewe unayafanya ukiwa umerudi kwenye kerneli mpya. Fungua sehemu ya kuandikia amri, yaani Terminal, uandike:

sudo apt install gcc make linux-headers-generic

Hapa utahitaji intaneti, na ya kushirikisha kutoka kwenye simu inatosha. Neno generic mwishoni lina kazi yake: linafanya headers zije zenyewe kila kerneli mpya inapokuja. Mtu akiweka za toleo moja tu, sasisho lijalo litamrudisha hapo hapo. Kisha andika:

sudo rcvboxadd setup

Ikimaliza, washa upya. Ikigoma, au kama VirtualBox nayo ilisasishwa hivi karibuni, weka Guest Additions upya kupitia menyu ya Devices. Faili yake huja pamoja na VirtualBox, kwa hiyo hiyo haili bando.

Kioo cha pili kisiporudi, zima Ubuntu uingie kwenye Settings, sehemu ya Display. Monitor Count iwe 2, kumbukumbu ya video iongezwe hadi MB 128, na Graphics Controller iwe VMSVGA. Halafu ukishaiwasha, fungua menyu ya View uhakikishe Virtual Screen 2 imewezeshwa. Wengi hukesha na amri ngumu kumbe ni alama ya tiki tu iliyotoka.

Wakati mwingine Ubuntu inang'ang'ania mpangilio wa vioo uliokuwepo zamani. Mpangilio huo unakaa kwenye faili moja ndogo, nawe unaibadilisha jina badala ya kuifuta:

mv ~/.config/monitors.xml ~/.config/monitors.zamani

Toka na uingie tena, upange vioo upya. Kwa Ubuntu 22.04 na 24.04 lipo jaribio lingine: ukishabonyeza jina lako kabla ya kuandika nywila, gusa alama ya gia iliyo chini kulia, uchague Ubuntu on Xorg.

Kuanzia sasa, kabla ya kukubali sasisho lolote, fungua Snapshots ubonyeze Take, ili uwe na pa kurudi. Piga pia picha ya ukurasa wa Display kwa simu yako, maana hakuna anayekumbuka namba hizo.

Kwa wanaotumia VMware badala ya VirtualBox, mkalimani wao anaitwa open-vm-tools-desktop, na anawekwa kwa sudo apt install kama programu nyingine yoyote.