Kilima Kimoja, Vitongoji Vitatu

Apitaye barabarani ndani ya gari huviona vilima vya Bushi kama picha: migomba ya kijani, moshi wa mapishi, na maji ya ziwa Kivu yakimetameta kwa mbali. Picha hiyo ni nzuri, lakini haitoshi. Atakaye kujua maisha ya kilima hana budi kukipanda kwa miguu yake. Ndivyo tulivyofanya Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, asubuhi, baada ya mvua kubwa ya usiku. Tulikwenda peke yetu, fimbo mkononi na rozari mfukoni.

Kilima chenyewe ni kidogo, wala hakionekani katika ramani za shule. Kwa nusu saa tulifika kileleni. Upande wa magharibi mlima Kahuzi, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,300, ulikuwa umejifunika wingu. Upande wa mashariki lilionekana ziwa. Huku kwetu nyumba hazipangwi kwa mistari: kila jamaa hukaa katika migomba yake, na migomba ya majirani hufanya kitongoji. Tulihesabu vitongoji vitatu, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. Tuliteremka tukavipitia vyote.

Katika kitongoji cha juu visiki ni vingi kuliko miti. Miti imekatwa kwa makala na kwa kuchoma matofali. Mbuzi wamekula majani hata udongo mwekundu uko uchi, nasi tuliteleza mara nyingi.

Katika kitongoji cha katikati tulikuta mashamba ya muhogo, matuta yake yakishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Kati ya matuta hayo maji ya usiku ule yalikuwa yamechimba korongo lenye kina cha kufika kifuani. Lakini kando yake kulikuwa na shamba jingine. Mifereji yake ilikata mteremko kwa kukingama, matete yamepandwa ukingoni, na chini ya migomba yametandazwa majani makavu. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini. Mwenye shamba, mzee wa mvi, alitukaribisha.

“Baba,” tukamwuliza, “ni nani aliyekufundisha kazi hii?”

“Mwalimu,” akajibu, “baba yangu alichimba mifereji kwa kuogopa kifungo. Mimi nachimba kwa kuogopa njaa ya wajukuu wangu.”

Mzee alisema kweli. Wakati wa utawala wa Wabelgiji wakulima walishurutishwa kuchimba mifereji ya kuzuia udongo, na aliyekataa aliadhibiwa. Kazi ikachukiwa kama mzigo wa mgeni. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 wengi waliiacha, wakidhani wametupa utumwa, kumbe walitupa na ngao yao.

Chini kabisa tulifika penye chemchemi. Akina mama na watoto walikuwa wakiukomba udongo kwa mikono ili wapate kujaza bidoni zao. Mama mmoja alitusalimu kwa heshima, kisha akasema: “Mwalimu, walio juu wanalima, nasi tunakunywa udongo wao.”

Neno hilo lilitufundisha kuliko kitabu. Tone la mvua likianguka penye majani huvunjika nguvu, likaingia ardhini polepole na kulisha chemchemi. Likianguka penye udongo mtupu huupasua. Maji hukusanyika, hukimbia, na kadiri mteremko ulivyo mrefu ndivyo nguvu zao zinavyoongezeka. Huchukua kwanza udongo wa juu, ule wenye rutuba, na kuupeleka kwa jirani kama tope.

Wala si chemchemi tu iliyo hatarini. Tarehe 4 Mei 2023, katika eneo la Kalehe kando ya ziwa letu, mito ilifurika, ikafunika Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi wengine hawakuonekana tena. Mvua ile ilikuwa kali kupita kiasi. Lakini milima iliyovuliwa miti haina nguvu ya kuyazuia maji.

Ndugu wakristu, Kaini alikataa kuwa mlinzi wa ndugu yake. Alimaye bila mfereji juu ya chemchemi ya watu, naye atajibu nini? Jumuiya zetu ndogo hukutana kila juma kusali. Baada ya sala, walio juu na walio chini wakae pamoja, wapange siku moja ya kushika majembe.

Nanyi wanafunzi, msingoje mashine. Fungeni miti miwili iliyo sawa pamoja na ufito wa kukingama, mpate umbo la herufi A. Ning'inizeni jiwe kwa kamba kutoka kileleni mwake. Kamba ikiangukia katikati ya ufito, miguu miwili imesimama usawa. Hivyo, hatua kwa hatua, mtapima njia ya mfereji usioshuka. Ukingoni pandeni matete: yatashika udongo, yatalisha mbuzi na simbilisi wa nyumbani. Anzeni na shamba la mama yenu kabla mvua ijayo haijafika.