Bima ya boti inalipa mbao na moteri, si mifuko

Kule Rugenge wengi walituuliza: boti ya koperative ikivunjika njiani kati ya Kalundu na Baraka, nani atalipa? Bima ya boti (asiransi, kama tunavyosema) inaangalia chombo chenyewe: mbao, moteri na vifaa vyake. Ikigonga jiwe, ikiungua ama ikizama kwa zoruba, kampuni inalipa hasara, ikiisha kutoa sehemu ile mulikubali kubeba wenyewe. Mbao iliyooza au moteri iliyochoka kwa kazi, hapana. Mifuko ya mihogo na ndagala inaomba bima yake ya mizigo, na hapo ndipo watu wengi wanakosea.

Muwe waangalifu na bei munayotangaza. Tuseme boti ni ya dola 10,000, nanyi mukaandika 5,000 ili mulipe kidogo. Hasara ikiwa 4,000, kwa desturi munapewa 2,000 tu, na ile sehemu yenu bado inatolewa humo. Vita na risasi kwa kawaida viko inje ya mkataba, mpaka mulipie zaidi. Kwetu huku hilo si jambo dogo.

Zamani SONAS peke yake ndiyo iliuza bima katika inchi. Sheria ya 2015 ilifungulia makampuni mengine mlango, basi mulinganishe bei, na muulize kama kampuni ina ruhusa ya ARCA. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya komite. Mupige picha za boti, muchunge faktire ya moteri. Ajali ikitokea, mujulishe kampuni siku ileile, wala musitengeneze kitu kabla mtu wao hajakiona.